Ford Prefect ya 1951: nikiwa peke yangu breki safi, nikipakia watu nyuma inajishika yenyewe. Wajuzi wa magari ya zamani naombeni msaada

#1 Mjukuu wa Prefect

Wakuu habari za jioni.

Nina Ford Prefect ya mwaka 1951, mali ya marehemu babu. Ililala miaka mingi chini ya mwembe kwa shangazi Kisarawe, kuku wanatagia siti ya nyuma. Mwaka jana nikaileta Tabata, nikahangaika nayo mpaka ikawaka. Injini haina shida, ile ya 1172 cc yenye valvu za pembeni, gia tatu, umeme wa volti 6. Shida ni breki.

Breki zake si za mafuta, ni za fito. Ukikanyaga pedeli unavuta fito za chuma zinazokwenda mpaka kwenye kila tairi.

Nikiwa peke yangu inasimama vizuri tu kwa gari ya umri ule. Jumapili iliyopita nilimbeba mama mkwe na mashangazi wawili, tunakwenda sendofu Mbagala. Kufika Buguruni gari ikawa nzito, utadhani kuna mtu kaifunga kamba nyuma. Na hapo mguu wangu hauko kwenye breki. Kila tukipanda tuta naisikia inashika, inakoroma, halafu inaachia kidogo. Kwenye foleni ya Tazara harufu ya kuungua ikaingia ndani. Nikashuka, tairi ya nyuma kushoto haigusiki. Nikaimwagia maji ya chupa, ikalia kama kitunguu kwenye mafuta. Mashangazi wakashuka na vitenge vyao wakapanda bajaji. Mimi nikageuza. Kurudi Tabata peke yangu, gari nyepesi kama si yenyewe!

Jambo la pili, sijui kama vinahusiana: nikikanyaga kwa nguvu inavuta kushoto.

Fundi wa kwanza alizikaza fito zote mwezi uliopita maana pedeli ilikuwa inazama sana. Fundi wa pili kaniuliza kikopo cha mafuta ya breki kiko wapi. Nikamwambia hakuna. Akafunga boneti akaondoka.

Tatizo nini hapa?

#2 Nyundo7

Masta silinda hiyo mkuu. Badilisha raba za masta, toa upepo, kazi imeisha. Noah yangu ilifanya hivyohivyo.

#3 Kobe la Ilala

Nyundo7 umesoma au umepita tu? Mwenzio kaandika hakuna mafuta. Upepo utautoa wapi, kwenye fito? Hahaha.

Mleta uzi, pole. Magari yote ya kabla ya 1960 yalikuwa hivyo, usimshangae fundi.

#4 Karani Mstaafu

Kobe la Ilala, si yote. Duesenberg ya Marekani ilikuwa na breki za mafuta tairi zote nne mwaka 1921. Chrysler wakafuata 1924. Morris Minor ilipotoka 1948 ilikuwa na mafuta tayari, na ndiyo iliyojaa mjini kwetu.

Hata hilo kobe lako: Volkswagen za kuuzwa nje zilipata breki za mafuta 1950. Zile za bei ya chini walizouziana Wajerumani wenyewe ndizo zilibaki na waya mpaka 1962.

#5 Kobe la Ilala

Sawa mwalimu. Kobe langu ni la 1972, hayo ya waya nayasikia kwako leo.

#6 Nyundo7

Nimekubali kosa, nilisoma kichwa cha uzi tu. Ila sasa swali: kama wenzao walikuwa na mafuta tangu 1921, hawa Ford mwaka 1951 walikuwa wanasubiri nini?

#7 Karani Mstaafu

Ubishi wa mzee Henry Ford kwa kiasi fulani. Alikuwa haamini mambo ya maji ndani ya bomba. Miaka ya 1930 kampuni yake ilijitangaza kwamba gari yao ni chuma tupu kutoka pedeli mpaka tairi, kama jambo la kujivunia. Kule Marekani walisalimu amri kwenye magari ya 1939. Tawi la Uingereza likaanza na Consul na Zephyr mwanzoni mwa miaka ya 1950, ila gari ndogo za bei nafuu wakaziachia fito. Ford Popular ilitengenezwa na fito mpaka 1959.

#8 Pwani Mchangani

Picha mkuu. Na hizo za mashangazi wakipanda bajaji kama zipo.

#9 DadaSpana

Kabla hamjaenda mbali: mleta uzi, usirudie kumwagia maji dramu ya moto (lile bakuli la chuma linalozunguka na tairi). Ile ni chuma cha kumimina, inapasuka. Ipate nyufa halafu siku moja ikuachie kwenye mteremko wa Kimara. Ikipata moto simama, subiri nusu saa, nunua hata muhogo wa kuchoma.

La pili, kama lainingi (ile sehemu inayosugua) za hizo shuu zinazobana dramu kwa ndani ni za zamani, usipulize vumbi kwa kompresa na usipulize kwa mdomo. Za zamani zina asbestosi. Futa kwa kitambaa kibichi, kitambaa chenyewe tia kwenye mfuko ufunge. Tulipokuwa tunasoma chuo cha ufundi, VETA Chang'ombe, mwalimu alikuwa anatufokea kwa hili kuliko kitu kingine chochote.

Sasa maswali. Ni tairi moja tu iliyopata moto au zote mbili za nyuma? Na handbreki uliiangalia?

#10 Mjukuu wa Prefect

Asante dada. Kushoto ilikuwa moto wa kutisha. Kulia vuguvugu, nadhani kawaida. Handbreki ilikuwa chini, nilihakikisha mara mbili maana mama mkwe ndiye aliyeuliza wa kwanza.

Picha nitaweka kesho, simu haina chaji.

#11 Mzee wa Pugu Road

Wanangu salaam. Gari hizi nimezishika kijana, gereji moja hapo Pugu Road. Nina swali moja tu kwa mwenye gari. Huyo fundi aliyekaza fito, jeki aliiweka wapi?

#12 Mjukuu wa Prefect

Shikamoo mzee. Aliweka chini ya chasisi, pande mbili, tairi zote za nyuma zikaning'inia. Ndio akaingia chini na spana.

#13 Mzee wa Pugu Road

Marahaba. Basi hapo ndipo alipokosea.

Fito imeshikwa sehemu mbili. Mbele imeshikwa na shafti iliyofungwa kwenye chasisi. Nyuma imeshikwa na mkono ulio kwenye sahani ya breki, na hiyo sahani inakaa kwenye ekseli. Chasisi inapanda na kushuka juu ya springi, ekseli iko palepale chini. Kwa hiyo umbali kati ya ncha hizo mbili haukai sawa. Ukiacha ekseli ining'inie halafu ukakaza fito, umeipimia gari iliyo hewani. Ukiishusha chini, ukapakia watu watatu wenye afya zao, kipimo kinakuwa kingine na fito inavuta mkono yenyewe. Kwenye tuta ndiyo zaidi, springi inapobonyea.

Sisi tulikuwa tunaweka magogo chini ya ekseli, gari imekaa na uzito wake wote. Kwanza unachomoa pini zote za fito. Unarekebisha shuu kwenye dramu kwa ile nati ya pembe nne iliyo nyuma ya sahani, mpaka shuu iguse, halafu unarudisha kidogo. Ukimaliza tairi zote nne ndio unarudi kwenye fito, unazungusha ncha yake mpaka pini iingie kwa vidole. Kwa vidole, si kwa nyundo. Fito haitumiki kuondoa ulegevu wa shuu zilizoisha. Anayekaza fito ili pedeli ipande juu hajarekebisha breki, kaificha.

#14 Kobe la Ilala

Mzee hapa umemaliza. Uzi ufungwe.

#15 Bwana Torati

Haujafungwa. Mzee heshima yako, lakini ukisema umbali unabadilika, unaweza kubadilika upande wowote. Inategemea ncha ya mbele ya fito iko juu au chini ya pale ekseli inapozungukia. Gari hizi difu yake (gia za katikati ya ekseli ya nyuma) inakuja na bomba refu linaloshika nyuma ya giaboksi, ekseli nzima inapanda na kushuka kwa kuzunguka pale mbele. Waliochora walijua, ndio maana fito zinakwenda karibu sambamba na hilo bomba, ili uzito usivute breki. Gari ikiwa nzima, mashangazi watatu hawatoshi kuvuta fito.

Mimi naona raba za giaboksi zimekufa. Raba zikifa, giaboksi inashuka, bomba linashuka nalo na kusogea mbele na nyuma, mahesabu yote ya waliochora yanaharibika. Gari ya 1951 iliyolala chini ya mwembe, raba zake ni jivu.

#16 Mzee wa Pugu Road

Raba zikifa gia zinaruka na gari inatetemeka ukiachia klachi. Mwenye gari hajasema hilo.

#17 Mjukuu wa Prefect

Inatetemeka mzee. Nilidhani ndivyo ilivyo.

#18 Bwana Torati

Nimekaa pale.

#19 Feri ya Saa Kumi

Nyie mnapiga mahesabu, mimi nakaa Kigamboni. Chuma chochote kilicholala karibu na bahari kinaota kutu, na hiyo Kisarawe mvua yake si ya mchezo. Nilikuwa na Land Rover ya zamani, handbreki yake ikishika haiachii mpaka uipige teke. Siku moja nashuka ngazi ya pantoni, kivuko kimejaa watu, gari imekataa kutembea katikati ya bati, wale jamaa wa vivuko wananipigia filimbi kama nimeua.

Hapo ni pini zimeganda na springi za kurudishia shuu zimechoka. Uzito unavuta kidogo tu, sawa, lakini shuu ikishaguswa hairudi. Ndio maana kushoto imeungua na kulia haikuungua. Kama ingekuwa ni kipimo cha fito au raba za giaboksi, si zingeshika zote mbili?

#20 DadaSpana

Komenti ya 19 ina mantiki. Uzito uko pande zote mbili, moto uko upande mmoja. Mleta uzi, mashangazi walikaaje?

#21 Mjukuu wa Prefect

Mama mkwe mbele na mimi. Nyuma shangazi mkubwa kushoto, shangazi mdogo kulia. Shangazi mkubwa ni mkubwa kweli.

#22 Pwani Mchangani

Hahaha jibu tumepata, shangazi mkubwa ahamie kulia tuone.

#23 Kobe la Ilala

Usicheke, hicho ni kipimo halali kabisa.

#24 Tairi Bovu

Mimi nina mashaka na hadithi yote ya uzito. Mkuu, ukiwa peke yako huwa unakwenda wapi na hiyo gari?

#25 Mjukuu wa Prefect

Dukani, msikitini, mara mojamoja Segerea. Siendi mbali, waipa zenyewe zinaendeshwa na upepo wa injini, ukikanyaga mafuta zinalala. Nikiona wingu narudi nyumbani.

#26 Tairi Bovu

Umeona? Peke yako dakika tano. Na mashangazi Tabata mpaka Tazara, Mandela Road, foleni, breki kila dakika. Labda si uzito, ni joto. Grisi ya kwenye ile kabari inayotanua shuu imekauka, ikipata moto inakuwa gundi. Ungekuwa peke yako kwenye foleni ileile ingeshika vilevile. Na kurudi ilikuwa nyepesi kwa sababu ilishapoa, si kwa sababu wameshuka.

#27 Bwana Torati

Dramu ikipata joto inapanuka, inakimbia shuu. Joto linafanya breki zipungue, halifanyi zishike. Ndio maana magari yanafeli kwenye mteremko wa Kitonga, pedeli inakwenda chini na gari haisimami.

#28 Tairi Bovu

Hilo la Kitonga ni kweli kwa breki nzima. Mimi naongelea kabari iliyoganda. Dramu ipanuke isipanuke, kabari isiporudi shuu inasugua tu.

#29 Bwana Torati

Basi lako ni lilelile la Feri ya Saa Kumi, umebadilisha shati.

#30 Mama Wawili

Samahani wataalamu, mimi si fundi. Hivi trafiki huwa wanasemaje kuhusu gari ya breki za fito? Baba yangu ana Ford kama hiyo Moshi.

#31 Mjukuu wa Prefect

Mmoja alinisimamisha Buguruni, akazunguka gari mara mbili, akaniuliza "hii inasimama?" Nikamwambia afande nimesimama. Akacheka, akapiga picha na simu yake. Hakuniandikia kitu.

#32 Mzee wa Pugu Road

Sheria inataka gari isimame, haikuuliza inasimama kwa mafuta au kwa chuma.

#33 Kijana wa Sinza

Mzee Pugu Road ndio wapi? Hiyo si Nyerere Road?

#34 Mzee wa Pugu Road

Ndiyo hiyo. Nilipokuwa nakanyaga grisi pale ilikuwa Pugu Road.

#35 DadaSpana

Turudi kwenye la kuvuta kushoto, limesahaulika. Hilo naliona ni jambo lingine kabisa, la tairi za mbele. Gari ikivuta kushoto usikimbilie kukaza kushoto wala kulegeza. Mara nyingi upande unaovuta ndio mzima, mbovu ni ule mwingine. Fungua dramu ya mbele kulia uangalie kama grisi ya beringi imeingia kwenye lainingi. Ukiikuta inang'aa nyeusi na inateleza kidoleni, hiyo haisafishiki, hata ukiichoma kwa petroli itatoka tena ikipata moto. Zinabandikwa mpya, na zinabandikwa pande zote mbili za ekseli, aina moja. Ukiweka lainingi mpya kulia na ya zamani kushoto utatafuta kuvuta kwako mpaka mwakani.

Halafu chukua chaki. Paka shuu yote chaki, rudisha dramu, zungusha na kanyaga kidogo, fungua. Pale chaki ilipofutika ndipo panapogusa. Nimewahi kuona shuu inagusa sehemu ya ukubwa wa sanduku la kiberiti, kwingine kote chaki iko palepale nyeupe. Mwenye gari anasema breki mpya kabisa, nimeweka juzi.

#36 Feri ya Saa Kumi

Au upepo wa tairi. Pima kwanza tairi za mbele, bure.

#37 Karani Mstaafu

Au barabara. Sisi tunaendesha kushoto na barabara imeinamia kushoto ili maji yakimbilie mtaroni. Gari nyepesi yenye tairi nyembamba inaufuata mtaro. Jaribu mahali tambarare, uwanja wa shule Jumapili.

#38 Mzee wa Pugu Road

Yote hayo angalia. Lakini gari hii ekseli ya mbele ni chuma kimoja, springi yake ni moja imelala kwa upana, na kinachoizuia isirudi nyuma ni ile mikono miwili inayokutana kwenye mpira mmoja (kiungo cha duara, si raba) chini ya giaboksi. Mpira ukilika, ukikanyaga breki ekseli inajipinda, upande mmoja unarudi nyuma. Fito za mbele nazo zinabadilika urefu hapohapo. Usukani unakutoka mkononi. Mtu mmoja akanyage breki, gari isukumwe mbele na nyuma, wewe lala chini utazame huo mpira. Ukiuona unacheza, hakuna chaki itakayokusaidia.

#39 Nyundo7

Kwa mzigo wote huu si bora aweke breki za mafuta tu? Toa ekseli ya Toyota, weka, endelea na maisha. Ilala vifaa vimejaa.

#40 Karani Mstaafu

Ukishaweka ekseli ya Toyota unabaki na bodi ya Ford kwenye Toyota.

#41 Nyundo7

Unabaki hai.

#42 Kobe la Ilala

Hapo Nyundo7 kasema.

#43 Mzee wa Pugu Road

Breki hizi zikipangwa vizuri zinasimamisha gari ya farasi thelathini. Hazikuwa na foleni ya Tazara, hilo nakubali.

#44 Mjukuu wa Prefect

Wakuu, nimerudi. Jana Jumamosi nimefanya kama alivyosema mzee. Magogo chini ya ekseli, tairi zote za nyuma hazigusi chini, gari imekaa kwenye springi zake. Nikaazima mifuko minne ya saruji kwa jirani anayejenga, kilo 50 kila mmoja. Nikaanza kupakia siti ya nyuma mmoja mmoja huku mdogo wangu anazungusha tairi kwa mkono.

Bila mfuko: zote mbili zinazunguka, kushoto inasugua kidogo sehemu moja.

Mifuko miwili: kushoto inazunguka kwa shida.

Mitatu: kushoto imekamata, haizunguki. Kulia inazunguka.

Minne: kulia nayo inaanza kusugua.

Nikachomoa pini ya fito ya nyuma kushoto na mifuko yote iko ndani. Ilikataa kwa vidole, niliigonga. Ilipotoka, matundu mawili yakaachana palepale, kama unene wa sarafu ya mia. Kwa hiyo fito ilikuwa inavuta kweli.

Lakini sasa sikilizeni. Fito imechomolewa, iko chini, haishiki chochote. Tairi ya kushoto BADO imekamata. Nikagonga sahani kwa nyundo ya mbao mara mbili, ikasikika "tak", ikaachia.

#45 Mzee wa Pugu Road

Matundu yameachana. Kipimo cha hewani hicho.

#46 Feri ya Saa Kumi

Fito imetoka na bado imekamata! Kutu. Springi za kurudishia. Nilisema.

#47 Tairi Bovu

Kabari.

#48 Bwana Torati

Na giaboksi mliitazama? Tairi ya kulia nayo imeanza kusugua kwa mfuko wa nne. Kama ni kutu ya kushoto tu, kulia kunasugua nini?

#49 DadaSpana

Kila mtu kapata ushahidi wake, hongereni. Mjukuu, ile sehemu moja inayosugua kushoto bila mzigo ndiyo inayonisumbua mimi. Ikisugua sehemu moja ya mzunguko na kwingine haisugui, dramu imekuwa yai. Ukiimwagia maji ya baridi ikiwa moto inaweza kujipinda pia. Ipeleke kwa mtu wa kukereza apime kabla hujaikereza, ikishakuwa nyembamba sana haifai tena.

#50 Mjukuu wa Prefect

Nitaipeleka kwa mafundi wa mtaa wa Gerezani. Kuna mzee pale anachonga pini pia, zangu zimelika kama mfupa wa kuku, katikati nyembamba. Nitatengeneza zote.

#51 Pwani Mchangani

Saruji umemrudishia jirani?

#52 Mjukuu wa Prefect

Mitatu. Mmoja umepasukia kwenye siti. Tusiongelee hilo.

#53 Simba wa Mtoni

Mkuu hiyo gari huuzi? Ndugu yangu anakodisha magari ya maharusi. Kwa kubebea bibi harusi tu, mwendo wa konokono, breki si tatizo.

#54 Kobe la Ilala

Bibi harusi, gauni, na wasimamizi wawili nyuma. Umesoma uzi huu wewe?

#55 Mzee wa Pugu Road

Mjukuu, jambo moja nimelifikiri usiku. Mifuko mitatu ni kilo 150. Gari ile ilibeba wakulima na magunia yao, haikukamata. Springi ya nyuma ilibonyea kiasi gani ulipopakia? Bodi ilikuwa inakaribia ekseli?

#56 Mjukuu wa Prefect

Kwa mfuko wa tatu vidole viwili havipiti kati ya ekseli na ile raba ya kugongea.

#57 Mzee wa Pugu Road

Hiyo springi si nzima. Ingia chini tena. Tazama zile yubolti mbili (bolti zilizopindwa kama U) zinazobana springi kwenye chasisi katikati. Nati imeishia wapi kwenye nyuzi zake?

#58 Mjukuu wa Prefect

Nimetoka chini sasa hivi, shati nimelitupa. Nyuzi zimebaki nje ya nati ndefu, karibu urefu wa kucha ya kidole gumba. Na sehemu ambayo nati ilikuwa inakaa zamani inaonekana kabisa: chini ya hapo kutu jeusi la miaka, juu ya hapo chuma cheupe kinang'aa. Nati imepandishwa juzijuzi.

#59 Bwana Torati

Kuna jani la springi limetolewa.

#60 DadaSpana

Au limekatika wakalitoa wasikwambie. Ila hiyo haielezi ile iliyokamata bila fito.

#61 Feri ya Saa Kumi

Wala haielezi kuvuta kushoto.

#62 Mzee wa Pugu Road

Majani ya Ford yanapendwa, chuma chake kizuri. Watu wanatengenezea patasi.

#63 Mjukuu wa Prefect

Tangu asubuhi nampigia yule fundi wa kwanza. Simu inaita tu.